Okidi Chini ya Neti

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuificha mizizi. Mama wa mchumba wangu, alipokwenda Moshi kumuuguza dada yake, aliniachia ua lake, okidi kubwa yenye majani mapana kama ulimi wa ng'ombe. Mizizi ilining'inia nje ya chungu, nikaona ni uchafu. Kwetu Meru mgomba ukiupenda unaupa samadi. Basi nikaishindilia mizizi ndani, nikajaza samadi mpaka ukingoni, nikafuta majani kwa pamba.

Nilitaka aikute nzuri kuliko alivyoiacha. Wazee wangu walikuwa wapeleke posa akirudi, na neno la mwisho lilikuwa lake.

Majani yakageuka manjano. Nikadhani ni baridi ya Julai. Nikailaza kitandani kwangu na chungu chake, nikaifunika blanketi, nikashusha neti. Mimi nikalala sakafuni. Mama jirani aliponigongea twende sala ya jumuiya, nilimjibu dirishani, "Siwezi, mama, nina mgonjwa ndani." Wala sikuona kwamba nimedanganya.

Jioni jumuiya nzima ikaja kwangu na chupa ya uji. Nyuma yao, ametoka Moshi mchana huo, mama wa mchumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani anaumwa?"

Wimbo ulikuwa umeshaanza, sikuthubutu kuukatisha. Mzee wa kanisa akaweka mkono juu ya blanketi, akafumba macho, akamsihi Bwana amwinue huyu. Baada ya amina, jirani akafunua ampe uji.

"Jamani, ni ua!"

"Tena langu," akasema mama. Akalivuta shina, likatoka lote, mizizi imeoza, linanuka zizi. "Umelizika kwenye samadi?"

"Nilitaka listawi, mama."

"Na binti yangu nikikupa, naye utamfukia?"

Jirani alicheka mpaka uji ukamwagika. Mzee wa kanisa hakucheka. Aliuliza kama ombi lake limehesabika.

Mama alilifunga ua kwenye mparachichi wa uani kwake, bila udongo wowote, maana mizizi yake hutaka hewa. Akasema posa isubiri mpaka litoe mzizi mpya, na mimi nisiliguse. Kila Jumapili nilisimama mbali, mikono mfukoni, nikiteseka. Mvua za vuli zilipoanza, ncha ya kijani ikachungulia. Wazee wangu wakapokelewa.

Sasa nimeoa, tunaishi Sakina, nina okidi tatu. Moja ina jani lenye madoa. Nimeliacha.