Maini ya Baba, kwa Mkono wa Binti

Kwetu maini ya kuku hayakuwa ya msichana. Maini na firigisi vilikuwa vya baba. Sisi tuliachiwa shingo na miguu, na ukinung'unika unaambiwa shingo hufanya mtu aimbe vizuri kanisani. Nimekula shingo nyingi na bado siimbi.

Mwanangu nilimlea hivyo hivyo, akila maini. Sasa ni dereva wa lori. Binti yake alipokwenda chuo kusomea upishi, mwanangu alinuna. Alisema kupika hata mimi nyanya yake najua bila cheti, na siku ya mahafali wasimtafute.

Jumapili ya mwisho kabla ya mahafali hayo, mjukuu alikuja kwangu Makadara asubuhi na maini ya kuku kutoka soko la Muthurwa. Baba yake alikuwa aje kula mchana. Akatoa nyongo na mishipa, akayakaanga na kitunguu, akayasaga pamoja na krimu na siagi. Siagi ile! Nilishika kifua. Akanieleza kwamba maini yanaongeza damu, ila hiki ni chakula kizito, na mjamzito asikifakamie. Ndiyo maana Wafaransa, wanaokiita patee, hula kidogo tu mwanzoni, kuamsha hamu. Kisha akakiweka kwenye friji kigande.

Baba yake alipoketi, msichana alimtangulizia yeye bakuli, na vipande vya mkate vyembamba kama karatasi. Mimi niliona aibu kwa wembamba ule, nikaleta chapati.

Mwanangu akachungulia. "Haya ni matope gani?"

"Ni maini, Baba. Ni yako."

Mwanangu akachukua mkate. Akapaka kidogo, akatafuna polepole. Akapaka tena, safari hii kama mtu anayepiga plasta ukuta. Nami sikubaki nyuma. Kuku na wali vilipoletwa, hakuna aliyeweza kumeza hata punje.

Mjukuu alicheka mpaka akashika meza. "Shosho, hiyo ilikuwa ya kuonja tu!"

Baba yake hakucheka. Alikuwa akipangusa bakuli kwa kipande cha mwisho cha chapati. Alipomaliza alinitazama mimi, si binti yake.

"Mama, siku hiyo ya mahafali tutoke hapa saa ngapi?"

Msichana akachukua bakuli haraka, akaenda kuliosha, ingawa lilikuwa limeng'aa tayari.

Nikamwambia mwanangu tutatoka alfajiri, maana mimi nataka kiti cha mbele.