Nilivyokaribia kukosa mke kwa sababu ya mipichi ya Bwana Shamba

Wakuu, salaam. Mnaonizidi umri, shikamooni. Nadhani hapo nimesalimia watu wawili. Wengine wote, marahaba.

Ninachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo sina nguvu ya kuongeza uongo. Haya yalinipata mwenyewe, miaka ya arobaini, enzi za Mwingereza.

Nilikuwa mtunza bustani wa misheni moja ng'ambo ya Mwanza, upande wa Sengerema. Tulikuwa na mipichi, miti ya yale matunda yenye kokwa ngumu ndani.

Bwana Shamba, Mzungu wa serikali, alituletea mti mmoja alioupenda kuliko watu. Kila mwaka alikata vikonyo vyake, yaani vijitawi vichanga, na kuvibebesha kwenye miche yetu ili vishikane viwe mti mmoja, kwa kisu chake mwenyewe. Sisi hatukuruhusiwa kukigusa kile kisu.

Namshukuru Mungu kwa marufuku ile. Mtaona.

Mvua zilipoanza, miti iliyobebeshwa ikatoa majani yenye pete za njano, mengine yametoboka kama yamepigwa risasi. Bwana Shamba akaleta lenzi, akapiga magoti, akatafuta mdudu. Hakumpata. Basi akatafuta mtu.

"Unaimwagia nini hii miti?"

"Maji ya kuoshea furu, Bwana."

Furu ni visamaki vya ziwani. Kwetu maji yake hayamwagwi ovyo, yanapelekwa kwenye migomba.

"Ndiyo sumu yenyewe," akasema, akaandika. Kuandika alikuwa hodari sana.

Padri akasimamisha matangazo ya ndoa yangu. Yalikuwa yamesomwa Jumapili moja, bado mbili. Baba yake Tereza, mchumba wangu, akaniita.

"Kijana, nakupa mpaka mavuno ujisafishe. Binti yangu haolewi na mtu anayeua miti ya kanisa."

Nikasali. Nilipomaliza kusali nikatazama, maana Mungu alinipa na macho.

Miche iliyoota yenyewe kwa kokwa, ambayo kisu hakijaifikia, ilikunywa maji yale yale ya furu. Ilikuwa ya kijani kabisa.

Nikamwonyesha Padri. Akaleta kijarida. Kilisema yapo magonjwa yanayosafiri ndani ya utomvu wa mti, yanaitwa virusi, na hadubini ya kawaida haiyaoni. Kuyakamata, unaupa mche wenye afya kipande cha mti unaoushuku, halafu unangoja.

Tukachukua miche sita ya kokwa. Kwenye mitatu, Padri akachomeka chini ya gome kijicho, lile chipukizi dogo la tawini, kutoka kwenye ule mti kipenzi. Mitatu tukaiacha. Vichwa hatukukata, tulitaka majani ya miche yenyewe yaseme.

Yote sita nikaimwagia furu, asubuhi na jioni, kwa moyo mkunjufu.

Bwana Shamba alicheka. "Mti wangu hauna hata doa."

Kweli haukuwa nalo. Ulikuwa umeuzoea ugonjwa, unapendeza na huku unawagawia wenzake. Waumini wa namna hiyo nimewajua wengi.

Tulingoja wiki nyingi. Miche mitatu yenye kijicho ikatoa pete za njano. Ile mingine mitatu ikabaki kijani, inanuka samaki.

Padri akamwita Bwana Shamba. Huyo akaikagua miche yote sita kwa lenzi yake, kisha akautaja ugonjwa kwa jina lake la kitaalamu, refu, bila kukwama. Kumbe jina alikuwa nalo kichwani siku zote. Alichokosa ni kuushuku mti wake.

Ripoti yake ilisema ameugundua yeye. Furu haikutajwa, na mimi sikuombwa radhi.

Mti kipenzi ulihukumiwa kung'olewa na kuchomwa. Kazi nikapewa mimi. Niliifanya kwa uvumilivu wa Kikristo na shoka lililonolewa vizuri.

Jumapili iliyofuata tangazo la pili likasomwa.

Nilichojifunza, wakuu: kabla ya kumshika mtu, weka mche wa kulinganisha. Na anza na kile unachokipenda, maana ndicho usichokikagua.

Mnaobebesha maembe na parachichi, hebu semeni hapa: vikonyo mnavitoa mti gani, na nani aliupima? Na nyie wataalamu, nikosoeni bila hasira.

Nimemsomea Tereza uzi huu kabla ya kuutuma. Amesema niandike pia kwamba yeye hakungoja majani. Siku ile ile nilipotuhumiwa, aliniletea ndoo nyingine ya maji ya furu.