Kanga Kwenye Tundu la Hewa

Wodi mpya ya wazazi huku kwetu Kibiti inaitwa jengo la kijani, na siku ilipofunguliwa tuliizunguka mpaka nyuma kuitafuta hiyo rangi. Nyeupe pe! Kumbe ukijani wenyewe ni matundu: madirisha mapana chini, na juu karibu na paa matundu ya kutolea joto, hewa ijiendeshe bila umeme.

Bibi zetu walipoyaona tu, wakaona njia ya upepo. Kwetu mtoto ambaye hajatimiza arobaini hapigwi upepo. Wakayaziba kwa kanga, wodi ikawa tanuri.

Sijaona, mfanya usafi, alizichomoa kila asubuhi kwa mpini wa ufagio huku akitukanwa. Naye alijibu, maana ana mdomo, na mimi nampendea mdomo huohuo.

Kisha akajifungua Warda, binti yake, kitanda cha jirani na changu, maana nami nilikuwa nimelazwa humo na kichanga changu. Mama wa mumewe Warda, Bi Mwanaamina, akaja na kanga mbili akaziba tundu la juu yao. Kufika adhuhuri mtoto anahema mbio, mwili moto, ziwa halitaki.

"Upepo huo," akasema Bi Mwanaamina. "Twende naye nyumbani nikamfungie chumbani."

Sijaona akamwita muuguzi kwa kelele, akainua ufagio.

"Mkwe, ukizitoa kanga hizo, Warda namrudisha kwako leo hii!" akafoka Bi Mwanaamina.

Warda alikuwa analia.

"Mrudishe," akasema Sijaona. "Kitanda anacho. Wangu wa kwanza nilimfungia chumbani hivyohivyo, naogopa upepo. Akafa, na upepo hajaujua. Mie naitwa Sijaona, mkwe, lakini hilo nimeliona."

Akachomoa ya kwanza, akachomoa ya pili. Muuguzi alifika, akamvua mtoto sweta na kofia, akampima, akakataza asitolewe wodini. Alasiri mtoto alishika ziwa, akanyonya mpaka akasinzia.

Bi Mwanaamina hakuomba radhi, wala si mtu wa kuomba radhi. Alitandika mkeka wake palepale chini ya tundu, kwenye ubaridi, akajinyoosha.

"Kanga zangu ziko wapi?" akauliza, macho kafumba.

"Ninazo mimi," akajibu Sijaona. "Utazipata arobaini yake, siku ya kumtoa mtoto nje."