Saa ya Marehemu Ilivyonigandia Mkononi Bukima

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu kuna watu wa Bukima wameshaanza kuisimulia kwa kuongeza chumvi, bora mnicheke nikiwepo.

Mnajua nakusanyaga saa za mkono za zamani za Uswisi, zile za kujaza kwa kuzungusha kitufe (mke wangu anaziitaga "watoto wako wengine"). Sasa fundi saa mmoja wa Musoma akanidokeza kwamba Bukima kuna mama amebaki na saa ya marehemu mumewe, zawadi ya padre mmoja wa zamani, na hakuna fundi aliyewahi kuichokonoa. Nikatoka Bunda ninakofundisha asubuhi na shati langu la mikono mirefu, hodi hodi kwa Mama Magesa.

"Kuitazama tu, mwalimu, hatuuzi," akaniambia. "Leo tunaanua matanga, anakabidhiwa Magesa, mtoto wetu wa kwanza."

Akanipa boksi lenye saa, akatoka kupokea wageni. Nikabaki nayo peke yangu, uso wake umegeuka rangi ya chai ya maziwa, mkanda wa chuma ni ule ule wa kiwandani, kitu ambacho sisi wakusanyaji tunakitafutaga mpaka tunazeeka. Nikaijaza ikaanza kutembea, nikasema niivae kidogo tu nione inavyokaa.

Ikakaa. Kuivua sasa! Kifungo kimegoma, navuta, nasukuma, jasho linanitoka, mkono unavimba, na nje nasikia viatu vinakuja. Nikashusha mkono wa shati. Nia yangu ilikuwa niende nikahangaike nayo chooni halafu niirudishe kimya kimya, lakini Mzee Mafuru, mdogo wake marehemu, akaniwahi mlangoni.

"Mgeni unatokaje na shughuli ndiyo inaanza? Kaa."

Nikakaa. Sebule ikajaa, boksi liko mezani, tupu, na anayejua ni mimi tu. Wakati wa sala, watu wamefumba macho, mimi natafuna kile kifungo kwa meno (Mungu anisamehe), na amina ikanikuta mkono uko mdomoni.

Mzee Mafuru akamsifu kaka yake, akamwita Magesa mbele, akafungua boksi. Akaligeuza. Akalitikisa.

"Nani aliingia humu?"

Mama Magesa, aliyeniachia boksi, alikuwa ametoka kidogo kuangalia vyungu vya wageni, kwa hiyo macho yote yakaenda kwa Nyangeta, mke wa Magesa, aliyefagia sebule asubuhi. "Mimi sijagusa, baba," akasema, na shangazi mmoja akaguna kwa ubaya.

Nikasimama. "Ninayo mimi." Nikapandisha mkono wa shati, na saa hiyo hapo, inatembea.

Mzee Mafuru akausogelea mkono wangu, akaikagua saa. Halafu akasema, "Mwalimu, kama ulitaka kuwa mtoto wetu wa kwanza ungesema mapema, ng'ombe wa kuchunga wapo." Bibi mmoja akaangua kicheko, nyumba nzima ikafuata. Nyangeta hakucheka.

Wakanipaka sabuni, wakanipaka mafuta ya kupikia, wapi! Magesa akaleta plaizi. "Nikate mkanda, mwalimu?" Moyo ulinipasuka, mkanda kama ule haupatikani tena, lakini haukuwa wangu. Nikafumba macho. "Kata."

Saa ikatoka nzima. Magesa akaifunga mkononi mwake kwa uzi wa nyavu, akaiweka sikioni, akaisikiliza, machozi yakaanza kumtoka, na watu wakaacha kucheka.

Kabla sijaondoka nikamfuata Nyangeta alipokuwa anaosha masufuria. "Shemeji, nisamehe."

"Ungechelewa kidogo tu kusimama," akasema bila kuniangalia, "mimi ningeitwa mwizi nyumbani kwangu."

 Siku hizi saa ya mtu naitazama ikiwa mezani, mikono nimeifunga mgongoni, na mwenyewe akinibembeleza niijaribu namwambia hapana ndugu yangu, iache hapo hapo ilipo.