Mwanasheria Aliyeuawa kwa Mdomo

Wateja wa kinyozi huyu walimwita Jaji, na si kwa hekima. Ukishakaa kwenye kiti chake, kitambaa kimefungwa shingoni na huna pa kukimbilia, alianza kutoa hukumu. Televisheni ilikaa juu ya kabati la taulo, na hakuna sura iliyopita pale ikasalimika.

"Muone huyo," alisema, mashine ikinguruma nyuma ya sikio lako. "Kapigwa risasi ya kifua, na bado anatoa hotuba! Mimi nikijikata kidole tu, hata jina langu silikumbuki."

Filamu za sehemu ya pili aliziita kiporo. Washiriki wa mashindano ya kuimba aliwaonea huruma, ila majaji wao hakuwapenda hata kidogo, pengine kwa wivu wa cheo. Na tamthilia ambayo mwanamke anaamka asubuhi rangi ya mdomo ikiwa imekaa vilevile, hiyo haikupata msamaha. "Huyo hajalala," alisema. "Huyo kaegeshwa."

Watu walicheka mpaka ikabidi wembe usubiri. Wengine walikuja hata nywele zikiwa bado fupi.

Nyumbani alikuwa na msikilizaji mmoja tu. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare na magauni, mpaka macho yake yalipoanza kuingia ukungu, na ukungu ukawa giza. Tangu hapo, Jaji akirudi kutoka kazini alivua viatu, akaketi karibu naye kwenye kochi, na kumsomea tamthilia moja ya ng'ambo. Wahusika walizungumza lugha ambayo wote wawili hawakuijua. Maneno yalipita kwa maandishi ya Kiswahili sehemu ya chini ya kioo.

"Baba watoto, wanasemaje?"

Mwanzoni alisoma kama yalivyo. Lakini maandishi yalikimbia kuliko ulimi wake, akaanza kuruka mistari. Akiruka, hadithi ilibaki na mashimo, kwa hiyo akaziba. Na kwa kuwa alikuwa Jaji, kuziba kukawa kusahihisha. Aliona haya kumimina upuuzi ule masikioni mwa mwanamke ambaye hakubakiwa na burudani nyingine.

Aliyemkera kuliko wote ni mwanasheria mmoja mwenye masharubu, ambaye kulia kwake kulikuwa kuinua nyusi. Jaji alimvumilia kwa muda mrefu. Siku moja uzalendo ukamshinda: kinywani mwake, gari la mwanasheria likaacha njia na kutumbukia korongoni.

Mkewe alilia kweli. Alimpenda yule mwanasheria.

Kesho yake sauti ileile ikasikika. "Si ndiye huyo?" aliuliza, akishtuka.

Jaji akaziba haraka. "Pacha wake. Kaja kulipiza kisasi."

"Eeh! Nilijua tu lazima kuna ndugu."

Basi pacha akaendelea, na mkewe akampenda kuliko marehemu. Asubuhi aliwasimulia wateja wake wa zamani, wale waliopita kumjulia hali na kuuliza kama vitambaa vyao bado vipo. Vilikuwepo, vimekunjwa kabatini. Cherehani nayo ilikuwepo, imefunikwa shuka pembeni mwa dirisha. Kila Jumamosi aliifunua, akapapasa matundu kwa kidole, akadondoshea mafuta, kisha akazungusha gurudumu mpaka likateleza bila kelele. Hakutaka aikute imeganda siku macho yatakaporudi.

Maana yangerudi. Daktari alisema hivyo. Siku ile kliniki, yeye alibaki kwenye benchi na pamba machoni, mumewe akaitwa ndani peke yake. Alipotoka alimshika mkono na kumwambia, "Anasema pole pole. Uvumilivu tu."

Mdogo wa mkewe alikuja kuwatembelea Jumapili moja alasiri, mwanamke wa maneno mengi, hata viatu hajavua.

"Dada, umeiona harusi ya mwanasheria jana? Suti nyeupe, jamani! Nusura niibusu televisheni."

"Ya pacha wake, unamaanisha."

"Pacha gani?"

"Si mwanasheria alikufa? Gari, korongo…"

Mdogo mtu alimgeukia Jaji, kisha akaangua kicheko. "Shemeji! Umeua mtu mzima, masharubu na yote?"

Mkewe naye alicheka. Alicheka sana, akampiga mumewe begani, akamwita mwongo na muuaji. Jaji alicheka pia. Kisha akaona kicheko cha mkewe kikipungua kidogo kidogo, kama redio inayoishiwa betri.

Mgeni aliaga, mlango ukafungwa.

"Baba watoto."

"Naam."

"Daktari alisemaje?"

Kwenye televisheni watu wawili walikuwa wakigombana kwa lugha yao. Jaji aliwatazama.

"Nisomee," mkewe alisema. "Kama yalivyo."

Akamsomea. Mishipa ya macho imekufa. Hakuna dawa wala upasuaji. Yaliyoondoka hayarudi. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila jioni. Hakuwa na nyingine.

"Endelea."

"Yameishia hapo."

Jumamosi iliyofuata shuka halikufunuliwa kwenye cherehani, wala ile iliyofuata. Vitambaa vya watu alivirudisha mdogo wake. Jaji sasa alisoma neno kwa neno, bila kuruka, bila kuziba, na mkewe alikaa pembeni yake bila kuuliza wanasemaje. Kule saluni wateja walimchokoza: "Jaji, huyu naye vipi?" Akajibu, "Yuko sawa tu," na kuendelea kunyoa.

Mtoto wao aliyeoa mbali alituma picha. Jaji alimweleza mkewe: mjukuu amevaa kofia, anacheka. Mkewe alishika simu kwa muda, akaiweka kando, na mdogo wake alipokuja akamnong'oneza, "Hebu niambie, huyu mtoto anacheka?"

Jioni moja manyunyu yalianza, membamba, yasiyotoa sauti hata kwenye bati.

"Mvua, mama watoto," Jaji alisema. "Ngoja niingize nguo."

Mkewe aliinuka kochini. Akapapasa ukuta, akaipita cherehani, akafika dirishani na kutoa mkono nje.