Nuzha Alivyomwendea Kaka Yake kwa Simu

Mjini Karak hakuna asiyemjua Nuzha wa maziwa makavu. Yale mabonge yake meupe ya mtindi uliokaushwa juani, magumu kama mawe, ndiyo yanayopikiwa mansaf, wali wetu wa nyama ya kondoo, nyumba nyingi za mtaa wetu, na akikuuzia bonge halafu ukaliyeyusha vibaya, atakusema mpaka ujute. Lakini hiyo ni kazi ya asubuhi tu. Kazi yake hasa iko ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka, kwenye kundi aliloliita "Watoto wa Wadha".

Wadha ni mama yao, kikongwe, macho yamekwisha, miguu nayo ndiyo hiyo. Kila siku baada ya Alasiri Nuzha humkalisha kwenye godoro, akamwekea simu sikioni na kumsikilizisha watoto wake: Amal wa Zarqa, Raed wa Sharjah, Dhaifallah wa Aqaba, na wajukuu waliotapakaa mpaka Malaysia. Mtu akinyamaza, Nuzha hamwachi. "Wee Amal, umekufa? Kama hujafa, toa sauti mama akusikie." Wenyewe wanamlalamikia, wanamwita askari wa zamu. Walalamike tu! Bila yeye wangekuwa wanakutana misibani.

Sasa mwaka mmoja Dhaifallah, mkubwa wao, dereva wa lori bandarini, alipokea wakwe watarajiwa wa binti yake. Akapiga picha ya sinia la mansaf akaitupia kundini kwa fahari. Raed, kitindamimba, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika tangu azaliwe, akajibu kwa sauti. Dhaifallah akadhani ni pongezi, akaibonyeza palepale mbele za wageni, tena kwa sauti ya juu kabisa:

"Hongera kaka! Lakini kondoo mbona simwoni? Amekuja mwenyewe au ametuma mwakilishi?"

Wageni wakaangua kicheko. Jamani! Kwetu mtu atakusamehe ukimtukana yeye mwenyewe, lakini sinia lake la wageni usiliguse. Dhaifallah alijitoa kundini wageni hawajanawa hata mikono, akaapa kwamba hatakaa mahali alipo Raed wala hatakula naye sinia moja. Kumtupa mama yake hakumtupa, alimpigia kila Ijumaa. Ila mama akilitaja jina la Raed, ghafla mtandao unakuwa mbovu.

Raed aliomba radhi kila namna, akaambulia kufungiwa namba. Miezi ikaenda. Idi Kubwa ikakaribia, Raed akapata likizo, na mama, ambaye kipupwe kile kilikuwa kimemlaza hospitali, akamwambia Nuzha, "Sitaki nguo mpya mwanangu, wala dawa. Nataka wanangu wawili kwenye sinia moja Idi hii. Ya mwakani sina hakika nayo."

Nuzha alikwenda jikoni akalia. Alipomaliza akaosha uso, akampigia Ami Nawaf, mdogo wa marehemu baba yao na msemaji wa ukoo mzima.

"Ami, nataka tumpelekee Dhaifallah wazee."

Kwetu wazee huenda kwa aliyekosewa, wakamiminiwa kahawa, wakaiweka chini. Hawaigusi mpaka mwenye nyumba akubali walichokijia. Kahawa ya wageni kupoa nyumbani kwako ni aibu isiyosemeka.

"Wazee gani?" Ami Nawaf akaguna. "Nusu wako Ghuba, nusu magoti mabovu. Mimi mwenyewe kwenda msikitini ni safari."

"Tutakwenda kwa simu."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa. "Kwa simu! Na kiongozi nani, wewe?"

"Mimi. Kama una mwanamume mwenye nafasi, mlete."

"Lahaula! Huyu mtoto katoka kwa nani?"

"Kwa kaka yako, Ami. Unaweka kikombe au huweki?"

"Naweka. Lakini kusema nitasema mimi, usije ukatuaibisha."

Ijumaa baada ya Alasiri Nuzha akafungua kundi jipya, akawaingiza wote, na Dhaifallah naye akamwingiza bila kumwuliza. Picha zikaanza kuingia. Kikombe cha Amal kimejaa, kiko sakafuni kando ya cherehani. Mjukuu wa Malaysia hakuwa na kikombe, ametumia kile cha kuwekea miswaki. Raed ameweka kikombe chake chini, na pembeni ameivua ile kamba nyeusi ya kushikia kitambaa kichwani. Mwanamume wa kwetu haivui mbele ya mtu hivihivi, mpaka awe na haja nzito kwake. Mwisho ikaja sauti ya Ami Nawaf: "Dhaifallah mwanangu, tuko mlangoni kwako. Kahawa yetu iko chini. Tunamtaka Raed kwenye sinia lako."

Tiki zikageuka bluu. Ameona.

Simu ikaandika kwamba anaandika. Ikaacha. Ikaandika tena, ikaacha. Nuzha hakubandua macho kwenye kioo, maana Dhaifallah akijitoa sasa amefukuza watu mlangoni, na hapo hakuna wa kuwapatanisha tena.

"Kasema nini?" mama akauliza.

"Bado, mama."

"Lakini yumo?"

"Yumo. Hajatoka."

Ndipo ikaingia sauti ya Dhaifallah. Wote walijua atamjibu Ami Nawaf, mkubwa aliyesema. Hakumjibu.

"Nuzha. Anayejibiwa kwanza ni kiongozi wa msafara, na msafara huu najua ni wa nani. Ulilolijia umelipata. Huyo mpumbavu wa Sharjah mwambie afunge tena kamba yake kichwani, asije akapata mafua akatuambukiza Idi. Kondoo nitachinja mimi, na nitamkalisha mbele yake mzimamzima na kichwa chake, amhesabu meno. Kunywa kahawa yako, dada yangu."

Nuzha alikiacha kikombe chake palepale sakafuni. Machozi yalimtoka tu, kwikwi juu ya kwikwi. Na kundini hakuna aliyetuma kitu, si Amal, si Raed, si yule wa Malaysia, kwa sababu hakuna anayekunywa kabla ya kiongozi.

"Nuzha!" sauti ya Ami Nawaf ikaingia. "Kunywa basi, shekhe wetu, sisi huku tunakungoja wewe!"

Mama Wadha akapapasa sakafuni mpaka akakipata kikombe, akakiweka kati ya viganja vya binti yake na kuvishika vyote kwa vyake. Kahawa ilikuwa imepoa kabisa. Nuzha akainywa yote.