Miaka Mitatu Ubaoni

Asubuhi ya kliniki, mabenchi yamejaa, watoto wanalia kwa zamu. Nesi mmoja mfupi amesimama mbele yetu wanawake kama hamsini, anatufundisha namna ya kumshika mtoto wakati wa kunyonya. Hana karatasi, hana kipaza sauti, na mlinzi kule getini anamsikia. Mama aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza, "Huyu dada alizaliwa na mdomo wake." Nikacheka mpaka mwanangu akaachia ziwa.

Alizaliwa na mdomo? Thubutu! Huyo nilikaa naye dawati moja miaka mitatu, na kama kuna mtu aliyezaliwa na mdomo kwenye dawati lile, ni mimi. Shule nzima iliniita Redio. Yeye tulimwita Chaki, na nitakwambia kwa nini, maana habari hii imenikaa kooni siku nyingi.

Alihamia kwetu kidato cha pili. Wakamkalisha na mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kukaa na mimi. Kila niliyekaa naye alishuka namba darasani. Siku hiyo hiyo mwalimu wa jiografia, mzee tuliyemwita Globu, akamwambia mgeni asimame mbele ajitambulishe. Loo! Alisimama, akatuangalia watu arobaini na sita, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajaribu tena, kikatoka kitu kama kikohozi cha kuku. Darasa likaangua kicheko, na mimi ndiye niliyeanzisha, nisikudanganye. Machozi yalikuwa yameshamlengalenga wakati Globu alipomwekea chaki mkononi. "Basi, mwanangu, geuka. Una mwandiko mzuri? Tuandikie notsi hizi."

Akageuka. Na jamani, mwandiko! Mstari umenyooka bila rula. Toka siku hiyo, kila kipindi cha jiografia Globu alimpa daftari lake, yeye akaandika ubaoni dakika arobaini, sisi tukanakili. Wakaguzi walipokuja walisifu sana: tazameni binti anavyojiamini, kila siku yuko mbele ya darasa. Kujiamini gani! Alikuwa ametupa mgongo. Miaka mitatu tulijua kisogo chake na kiraka cha blauzi yake kuliko tulivyoijua sura yake. Mwalimu mwingine akimuuliza swali, alitazama meza mpaka mwalimu akate tamaa. Kipindi kikiisha alirudi kukaa, kimya kama maji mtungini, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

Anayeandika ubaoni hana muda wa kunakili, kwa hiyo tulipatana: mimi nanakili mara mbili, kwangu na kwake, naye ananisaidia hesabu. Daftari lake la jiografia lote lilikuwa na mwandiko wangu, ule wa kuku kaparua.

Kidato cha nne tukafika somo la saa za dunia. Chaki akaandika, akarudi kukaa, akaninong'oneza.

"Redio, ile kanuni imekosewa."

"Si wewe uliyeandika?"

"Nimeandika ilivyo kwenye daftari lake. Inasema ukienda mashariki punguza saa, ukienda magharibi ongeza. Sasa niambie, jua linaanzia wapi?"

"Mashariki."

"Basi wa mashariki wanaamka kabla yetu. Sisi tumelala, wao wameshakunywa chai. Saa yao itakuwa nyuma ya yetu vipi?"

Nikafikiri, nikaona kweli. "Mbona hukusema pale pale?"

Akanitazama kama niliyemwambia aruke dirishani. "Sema wewe. Mdomo unao."

"Ubao wako, bibi, usinitie mie," nikamjibu, tukacheka. Nikakata "punguza" nikaandika "ongeza" kwenye madaftari mawili, langu na lake. Mengine arobaini na matano yakabaki yalivyo. Kitabu cha kiada tulikuwa nacho kimoja kwa watu wanane, na kurasa za sura hiyo zilikuwa zimeshachanwa na waliotutangulia.

Mtihani wa majaribio ukaja, ukasahihishwa na walimu wa shule nyingine. Siku ya matokeo aliingia mkuu wa shule, mama mrefu ambaye viatu vyake havikusikika kamwe, na Globu nyuma yake.

"Swali la saa lina alama ishirini," akasema mkuu. "Watu arobaini na tano mmepata sifuri, kwa kosa lile lile. Mliitisha kikao?"

"Madam, tulijibu kama ilivyoandikwa ubaoni!"

Macho yote yakahamia kwa Chaki. Mkuu akamgeukia Globu. Mzee wa watu akafungua daftari lake, akalifunga. "Labda aliyenakili alikosea," akasema. "Mimi niliandika sawasawa."

"Na mwandishi mwenyewe amepata zote ishirini," akasema mkuu polepole. "Simama, binti. Wenzako uliwaandikia hivi, wewe ukajibu vile?"

Mama yangu wee! Darasa likalipuka. Makusudi! Alitaka awe wa kwanza! Nyoka huyu, na sisi tulimwamini! Mtu wa nyuma akamtupia karatasi iliyofinyangwa, ikampiga shingoni. Chaki amesimama, mdomo uko wazi, na kile kikohozi cha kuku kimerudi.

"Mwingine aliyepata ni nani?" akauliza mkuu.

Nikainuka. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: sema, madam, notsi zina kosa, tuliliona wote wawili. Nikasema, "Nilibahatisha, madam. Hata mimi nimejishangaa." Darasa likacheka, Redio wao huyo. Nikakaa pembeni ya Chaki, mabega yakigusana, naye hakunitazama.

Mkuu akakata shauri. Ijumaa saa nne Chaki atoe maelezo mbele ya darasa. Asipotoa, anaondoka shuleni, na mtihani wa mwisho atajua mwenyewe pa kuufanyia. Zilibaki wiki tatu tu kabla ya mtihani huo.

Jumatano baada ya masomo nikaenda kwao, vyumba viwili vilivyojaa nguo za watu zikisubiri pasi. Mama yake akanipokea na pasi mkononi.

"Afadhali umekuja, mwanangu. Tangu jana namwambia sema, sema basi! Nimembembeleza, nimemgombeza. Ni sawa na kuongea na hii pasi."

Chaki alikuwa chumba cha ndani, amekaa katikati ya mashati yaliyotundikwa, hata pa kunyoosha miguu hana.

"Nikisema notsi zina makosa, watamwambia Mwalimu azisome," akaniambia. "Redio, Mwalimu haoni. Kila asubuhi kabla hamjaingia ananiita nimsomee. Daftari lake la zamani lilinyeshewa, akalinakili upya mwenyewe kwa kupapasa, mistari mingine imepandiana. Makosa yako matatu, siyo moja. Na amebakiza mwaka mmoja tu astaafu."

"Si ungemwambia yeye peke yake?"

"Nilijaribu mara mbili. Nikafungua mdomo, nikanyamaza. Akasema, endelea kusoma, mwanangu, mbona umesimama?" Akajifuta pua kwa mkono. "Siku ile mliponicheka, yeye ndiye aliyenificha. Sasa nami namficha. Lakini nikinyamaza nafukuzwa, na ninyi mnaingia kwenye mtihani na makosa matatu. Nikisema, yeye ndiye anayefukuzwa. Na hata nikitaka kusema, sauti sina. Nafanyaje?"

Roho iliniuma, nikaropoka. "Nitasema mimi. Ijumaa nasimama, nasema makosa niliyaona na daftari lako nilisahihisha kwa mkono wangu. Mambo ya macho siyataji. Wewe hufungui hata mdomo."

"Kweli?"

"Ee, kweli. Mimi ni Redio au siyo Redio?"

Akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona meno yake yote.

Ijumaa saa nne. Mkuu amesimama mlangoni, Globu amekaa kwenye kiti chake na daftari magotini. "Haya, binti," akasema mkuu. "Tunakusikiliza."

Hapo ndipo pangu. Nikaikaza miguu nisimame, nikawatazama wenzangu. Nikapiga picha kichwani: nikisema, wote hawa watajua kwamba mimi, mcheshi wao, nilijua na nikawaacha wapate sifuri. Karatasi zilizofinyangwa zitanipiga mimi. Na bila kupendwa na darasa lile, mimi nilikuwa nani? Debe tupu. Niliogopa, ndugu yangu. Chaki akanitazama mara moja. Nikaitazama kalamu yangu.

Akainuka peke yake. Akaenda mbele, akachukua chaki, akatupa mgongo kama siku zote. Akaandika mistari mitatu: mashariki ongeza saa, na mingine miwili. Kila mmoja akauandikia pembeni namna tulivyoupokea kwenye notsi.

"Hayo ni nini?" akauliza mkuu.

Akajibu kitu, akikiambia ubao.

"Hatusikii!" akapiga kelele mtu wa nyuma.

Chaki akaweka chaki chini. Niliona kisogo kile kikisita, halafu nikaona sikio, halafu shavu. Akageuka mzima mzima, mikono imeshika ukingo wa ubao kwa nyuma asianguke.

"Ni makosa yaliyo kwenye notsi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo na ilikatika kila neno la pili, lakini ilifika. "Niliyaona muhula uliopita. Nikawaandikia hivyo hivyo. Sikutaka kuwa wa kwanza. Niliwaogopa. Nimewaogopa tangu siku ya kwanza. Mnayo haki ya kunikasirikia. Lakini nakilini haya, mtihani unakuja."

Hakuna aliyecheka. Tukasikia kalamu moja, mbili, halafu darasa zima likinakili.

"Kwenye notsi za Mwalimu?" akauliza mkuu. "Mwalimu, hebu tusomee hapo pa mashariki."

Globu akafungua daftari. Akalileta karibu na uso, akalipeleka mbali. Akainuka, akaenda nalo dirishani, akalielekeza kwenye mwanga. Chaki akauma mdomo, akapiga hatua kumwendea, mzee akamzuia kwa kiganja.

"Mkuu, sioni," akasema. "Mwaka wa tatu huu. Mtoto hajakosea kunakili. Nilimsingizia."

Mkuu akaja kwenye dawati letu, akalichukua daftari la Chaki, akafunua pale palipokatwa. "Huu si mwandiko wako. Mwandiko wako hapa hakuna asiyeujua. Nani alisahihisha?"

Darasa zima lilikuwa limeinama linanakili, na mimi mdomo umekauka, ulimi kama si wangu.

"Mimi nilimwambia anayeninakilia aandike hivyo," akasema Chaki kutoka mbele. Sauti haikukatika mara hii. "Hakujua kwa nini. Hana kosa."

Mkuu akanitazama. Nikaliinamia daftari langu. Akalirudisha daftari mezani.

Jumatatu Globu alikuwepo. Mkuu alikuwa amempa ruhusa amalize muhula: notsi zitalinganishwa na kitabu alichoazima shule nyingine, Chaki atazisoma kwa sauti mbele ya darasa, mzee ataeleza kwa kichwa. "Na nani atatuandikia ubaoni?" akauliza Globu.

Chaki akainyoosha ile chaki kwangu. "Redio, njoo wewe."

Wenzangu wakanishangilia. "Redio! Redio!" Nikaenda, nikageukia ubao. Nyuma yangu Chaki akaanza kusoma, akiwatazama, sauti ikitetemeka kila aya ilipoanza na kutulia ilipoendelea. Nami nikaandika, mistari imepinda, machozi yakinishuka mpaka kidevuni, na hakuna aliyejua. Ndipo nikaelewa kwa nini alikaa pale miaka mitatu. Ubaoni pazuri. Hakuna anayekuona uso.

Kule kliniki alipomaliza somo alitutazama benchi moja hadi jingine. "Kuna mwenye swali, au mwenye neno la kusema?" Macho yake yakanifikia, yakakaa kidogo, akatabasamu. "Redio, mbona leo kimya?"

Wanawake wote wakageuka kunitazama. Nikafungua mdomo. Halafu nikainama, nikamfunika mtoto vizuri.

"Sina, dada," nikasema.